Search Console imenyamaza au inalalamika: tafuta dalili yako hapa

Umefungua tovuti ya kampuni yako changa, ukasikia kwamba Google Search Console na Bing Webmaster Tools, zana zinazokuonyesha jinsi tovuti yako inavyoonekana kwenye utafutaji wa Google na wa Bing, ni za bure, ukajisajili. Halafu uthibitisho ukagoma. Au ripoti zikabaki tupu, au ramani ya tovuti (sitemap, faili linaloorodhesha kurasa zako) ikakataliwa, au kurasa ulizozihangaikia wiki nzima zikatupwa kwenye kundi la zisizoorodheshwa. Nimewasaidia watu wengi kuziweka sawa zana hizi, na malalamiko huwa ni yale yale. Nimeyapanga kwa dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi ikitangulia. Ruka moja kwa moja hadi ile inayokusumbua.

Ila kwanza: usikiamini kivinjari chako. Wewe umeingia kama msimamizi, na kompyuta yako imetunza nakala za zamani za kurasa. Roboti ya Google, yaani programu inayopita kusoma kurasa, inakuja mikono mitupu, haina akaunti wala vidakuzi, na mara nyingi inatokea kwenye anwani za Marekani. Makosa mengi hapa chini yanazaliwa na tofauti kati ya unachokiona wewe na kinachoonekana na roboti. Kwa hiyo tumia dirisha fiche la kivinjari kila unapokagua, na uwe tayari kuandika amri mbili tatu kwenye dirisha la amri la kompyuta.

## Dalili: uthibitisho unakataa

Search Console inakuuliza uchague kati ya aina mbili: kikoa (domain) kizima, au anwani yenye kiambishi maalumu kama https://www. Mimi huchagua kikoa kizima kila ninapoweza, kwa sababu kinabeba www na isiyo na www, http na https, pamoja na vikoa vidogo vyote. Gharama yake ni kwamba lazima uguse mipangilio ya DNS, ile orodha inayouambia mtandao tovuti na barua pepe za kikoa chako ziko wapi, na hapo ndipo wengi wanakwama.

Sababu ya kwanza ni rekodi ya TXT, mstari wa maandishi kwenye DNS, iliyowekwa kwenye jina lisilo lake. Hili lilinila siku mbili nzima mara ya kwanza. Fomu ya DNS ilikuwa na kisanduku cha jina, nikaandika tovutiyako.com kwa ukamilifu, nikabandika ile thamani inayoanza na google-site-verification=, nikahifadhi. Kwenye skrini kila kitu kilionekana sawa. Kumbe mfumo ule uliongeza kikoa wenyewe mwishoni, kwa hiyo rekodi yangu ilikuwa inakaa kwenye tovutiyako.com.tovutiyako.com, mahali ambapo hakuna mtu wala roboti angekwenda kuitafuta. Kwenye mifumo mingi kisanduku hicho kinatakiwa kiwe na alama ya @ peke yake, au kiachwe wazi.

Kagua hivi:

`nslookup -type=TXT tovutiyako.com`

Ukiiona thamani yako kwenye majibu, rudi Search Console ubonyeze kuthibitisha. Usipoiona, rudia amri hiyo ukiandika kikoa mara mbili. Ikijitokeza huko, umeshampata mwizi.

Sababu ya pili ni kuhariri DNS mahali pasipotumika. Kikoa kilinunuliwa kwa kampuni moja, lakini seva zake za majina zilishahamishiwa kwingine, pengine na fundi aliyejenga tovuti. Ukihariri kule ulikonunua, unaandika kwenye daftari lisilosomwa na mtu. Amri ya `nslookup -type=NS tovutiyako.com` itakuonyesha ni nani anayeshika DNS sasa hivi. Ingia huko.

Sababu ya tatu ni haraka. Mabadiliko ya DNS mara nyingi huonekana ndani ya saa chache, lakini yanaweza kuchukua hadi siku 2 au 3. Kama nslookup haijaiona rekodi, hakuna faida ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha kila dakika.

Ikiwa umetumia lebo ya meta (mstari unaowekwa ndani ya ukurasa) badala ya DNS, fungua ukurasa wa mwanzo kwenye dirisha fiche, tazama msimbo wake wa chanzo na utafute google-site-verification. Ikiwa haimo, programu ya kache (inayotunza nakala za kurasa) bado inatoa ukurasa wa jana: ifute kache hiyo. Ikiwa imo lakini iko ndani ya body (sehemu ya maudhui), ihamishie kwenye head (sehemu ya juu ya msimbo). Walioamua kutumia faili la HTML wahakikishe hawajalibadilisha jina, na kwamba linafunguka bila kudai nywila.

Kuna pia uthibitisho uliofaulu kisha ukapotea baada ya wiki kadhaa. Google hurudi kukagua mara kwa mara kama ishara yako bado ipo. Mtu akibadilisha mwonekano wa tovuti, lebo ya meta inakwenda na ule wa zamani. Hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea TXT, na ya kuiacha pale pale hata baada ya kufaulu.

Simama hapa. Usifute wala kuhariri rekodi nyingine ya TXT ili kuipisha hii mpya. Kikoa kimoja kinaweza kuwa na rekodi nyingi za TXT, na ile inayoanza na v=spf1 inalinda barua pepe za kampuni. Ukiifuta, barua zako zitaanza kuangukia kwenye taka za watu. Na kama suluhisho linaonekana kudai ubadilishe seva za majina, usilifanye peke yako. Mwite anayesimamia DNS, kwa sababu hapo unaweza kuzima tovuti na barua pepe kwa mpigo mmoja.

## Dalili: umethibitishwa, lakini ripoti ni tupu

Mara nyingi ni upya tu. Takwimu za utendaji huchelewa siku 2 hadi 3, na zinaanza kukusanywa pale ulipoongeza tovuti kwenye akaunti. Usitegemee kuona ya mwezi uliopita.

Ikiwa wiki imekwisha na bado ni sifuri, angalia uliongeza anwani ipi. Aliyeongeza http://tovutiyako.com wakati tovuti yake inaishi kwenye https://www.tovutiyako.com anatazama chumba kisicho na watu. Ongeza kikoa kizima na tatizo linakwisha.

Ikiwa anwani ni sahihi, basi huenda kweli hakuna aliyeonyeshwa tovuti yako kwenye matokeo. Nenda kwenye dalili ya kurasa zisizoorodheshwa hapa chini.

Usihangaike pia idadi ya mibofyo inapokataa kulingana na ya programu yako ya takwimu. Zinapima vitu viwili tofauti. Search Console inahesabu mibofyo kwenye matokeo ya Google, na inaficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno ili kulinda faragha yao. Ndiyo maana hata jumla ya jedwali la maneno haifiki jumla iliyoandikwa juu ya grafu. Hakuna kilichoharibika.

## Dalili: ramani ya tovuti inaandikiwa "Couldn't fetch"

Maneno hayo yanamaanisha Google haikuweza kulichukua faili. Kama umeliwasilisha leo, liache hadi kesho kisha uangalie tena. Mara kwa mara ujumbe huu hujiondokea wenyewe.

Ukibaki, fungua anwani ya ramani kwenye dirisha fiche. Watu wengi wamewasilisha /sitemap.xml ilhali programu yao inatengeneza /sitemap_index.xml. Baada ya hapo uliza seva inajibu nini:

`curl -I https://tovutiyako.com/sitemap.xml`

Mstari wa kwanza uwe na 200. Ukiona 301 au 302, wasilisha ile anwani ya mwisho inakoelekezwa. Ukiona 403, kuna ukuta unaoizuia, na nitaueleza mbele. Ukiona 200 lakini aina ya maudhui ni text/html, basi seva inatoa ukurasa wa kawaida uliovaa jina la ramani. Hili ni la kawaida sana kwenye tovuti zilizojengwa kama programu ya ukurasa mmoja, maana zinajibu 200 kwa anwani yoyote ile, hata ya uongo.

Sababu isiyo ya mara kwa mara, lakini inayochosha, ni mstari mtupu kabla ya tamko la <?xml. Nafasi moja iliyoachwa mwishoni mwa faili la programu-jalizi (plugin) inatosha kulisukuma tamko lishuke, na faili zima likakataliwa. Kwenye kivinjari huioni kirahisi. Tazama chanzo, na uhakikishe herufi ya kwanza kabisa ni ile alama ya <.

Kwa kampuni changa sitarajii ufikie kikomo cha anwani 50,000 au MB 50 kwa faili moja. Ukikifikia, gawanya. Na kumbuka kwamba ramani ni pendekezo tu. Kukubaliwa kwake hakumaanishi kurasa zilizomo zitaorodheshwa.

## Dalili: kurasa zipo, lakini Google haizionyeshi

Hapa ndipo penye kazi. Usianze kwa kukisia. Chukua ukurasa mmoja tu, uweke kwenye kisanduku cha ukaguzi wa anwani juu ya Search Console, na usome inachosema. Halafu bonyeza "Test live URL". Watu wanasahau kwamba jibu la kwanza ni la mara ya mwisho roboti ilipopita, pengine wiki tatu nyuma. Jaribio la moja kwa moja ndilo linaloonyesha hali ya sasa hivi.

Kizuizi kilichosahaulika tangu siku za ujenzi. Hii ndiyo sababu ninayoikuta kuliko zote. Tovuti ilipokuwa inajengwa, fundi aliweka noindex ili isionekane kabla ya wakati, kisha siku ya uzinduzi kila mtu akawa na furaha na hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Kwenye WordPress ni kisanduku kimoja kwenye mipangilio ya usomaji, kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Kitoe alama. Kwingineko, tafuta neno noindex kwenye chanzo cha ukurasa.

Usipolikuta, usihitimishe bado. Kizuizi hicho hicho kinaweza kukaa kwenye vichwa vya majibu ya seva, mahali ambapo chanzo cha ukurasa hakikuonyeshi kabisa. Tovuti moja niliyoletewa ilikuwa imekaa miezi bila ukurasa hata mmoja kwenye Google. Chanzo safi, robots.txt (faili linaloziambia roboti zisiingie wapi) safi, ramani imekubaliwa. Nikaandika:

`curl -I https://tovutiyako.com/`

Katikati ya mistari kumi na kitu, kati ya tarehe na aina ya maudhui, ulikuwepo huu:

`x-robots-tag: noindex, nofollow`

Ulikuwa umeandikwa kwenye mipangilio ya seva ya majaribio, na mipangilio ile ikanakiliwa nzima nzima kwenda kwenye seva halisi. Mstari mmoja ukafutwa, seva ikawashwa upya, na siku zilizofuata kurasa zikaanza kuingia moja moja. Tangu hapo amri hiyo ndiyo ya kwanza ninayoiandika.

robots.txt inayofunga mlango. Fungua tovutiyako.com/robots.txt. Mistari hii miwili ikifuatana inafukuza roboti zote kutoka tovuti nzima:

```
User-agent: *
Disallow: /
```

Ondoa ule mkwaju wa mwisho, au futa mistari yote miwili. Google hutunza nakala ya faili hili kwa muda wa hadi saa 24, kwa hiyo usishangae ikichelewa kuona marekebisho. Na kuna mtego hapa: ukitaka ukurasa utoke kwenye Google, usiweke noindex na wakati huo huo ukaufunga kwa robots.txt. Roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kusoma tangazo lililobandikwa ndani ya nyumba.

"Discovered – currently not indexed". Google inajua anwani ipo lakini bado haijaitembelea. Kwenye tovuti mpya kabisa hii ni hali ya kawaida. Kinachosaidia ni viungo: je, ukurasa huo unafikika kutoka ukurasa wa mwanzo kwa kubofya mara moja au mbili? Ukurasa uliomo kwenye ramani peke yake, bila ukurasa mwingine wowote kuuelekea, ni yatima, na yatima husubiri. Hakikisha pia viungo vyako ni vya <a href> halisi, maana kitufe kinachotegemea JavaScript peke yake hakihesabiki kama kiungo. Ukiomba kuorodheshwa kupitia zana ya ukaguzi, omba mara moja. Kurudia ombi hakuharakishi chochote, na kuna kikomo cha maombi kwa siku.

"Crawled – currently not indexed". Hii inauma zaidi. Roboti imekuja, imesoma, ikaondoka bila kuuchukua ukurasa. Hapa hakuna kitufe cha kukuokoa. Soma ukurasa wako kama mgeni: una jambo ambalo kurasa zako nyingine hazina? Kampuni changa zinapenda kutengeneza kurasa ishirini za huduma zinazotofautiana neno moja kwenye kichwa cha habari. Ziunganishe ziwe tatu zenye maelezo ya kweli. Najua inatia uchungu kufuta kazi yako mwenyewe, lakini nimeona tovuti nyingi zikipona kwa kupunguza kuliko kwa kuongeza.

Kanonia (lebo inayotaja anwani rasmi ya ukurasa) inayoelekeza kwingine. Tafuta rel="canonical" kwenye chanzo. Ikitaja kikoa cha majaribio, au ikitaja ukurasa wa mwanzo kwenye kila ukurasa, unaiambia Google kwamba ukurasa halisi si huu.

Ukurasa mtupu kabla ya JavaScript. Kwenye jaribio la moja kwa moja, fungua HTML iliyokaguliwa na picha yake. Picha ikiwa nyeupe na HTML ikiwa na div moja tu, roboti haikuona maandishi yako. Jaribu kwanza kuona ni faili lipi la JavaScript lililoshindwa kupakiwa. Ikibidi kubadilisha namna tovuti inavyotengeneza kurasa ili ziandaliwe upande wa seva, hiyo ni kazi ya msanidi programu. Usiianze usiku wa kuamkia uzinduzi.

Onyo kuhusu zana ya kuondoa anwani. Usiitumie kusafisha nakala za http au www. Ombi la kuondoa linaficha anwani hiyo katika sura zake zote, kwa takriban miezi 6. Nimewahi kupigiwa simu na mtu aliyeificha tovuti yake nzima kwa namna hiyo. Kama ombi bado linafanya kazi, lighairi hapo hapo.

## Dalili: makosa ya 5xx, au roboti inazuiwa

Wewe unafungua tovuti vizuri, Google inasema seva imeshindwa (namba za 5xx, kama 500, ni majibu ya seva iliyoshindwa). Fungua takwimu za utambazaji (Crawl stats, yaani ziara za roboti) kwenye mipangilio ya Search Console uone zilianza lini na kwa majibu gani.

Mara nyingi mkosaji ni ukuta wa usalama: programu-jalizi au huduma ya ulinzi iliyowashwa kuzuia roboti mbaya, ikazuia na nzuri. Wengine wamefunga nchi zote isipokuwa yao, wakasahau roboti inatokea wapi. Legeza kanuni hiyo, kisha rudia jaribio la moja kwa moja. Usiruhusu kila anayejiita Googlebot, maana jina hilo yeyote anaweza kulivaa. Roboti ya kweli inathibitika kwa kugeuza anwani yake ya IP kuwa jina linaloishia googlebot.com au google.com, kisha jina hilo likageuzwa tena na kurudi kwenye IP ile ile.

Angalia pia robots.txt yenyewe inajibu nini. Ikijibu 404 hakuna shida, Google inachukulia kwamba hakuna makatazo. Ikijibu 500, Google inasitisha kutambaa tovuti nzima kwa muda, hata kama kurasa nyingine zote ni nzima.

Seva ikianguka kila roboti inapopita, acha kugusa mipangilio. Mpelekee anayekuhifadhia tovuti saa na dakika ulizoziona kwenye takwimu. Yeye ndiye mwenye kumbukumbu za makosa.

## Dalili: Bing inagoma

Njia nyepesi ni kuingiza tovuti kutoka Search Console badala ya kuthibitisha upya. Lakini Bing hurudi kuhakiki umiliki kupitia akaunti ile ile ya Google. Ukiiondolea ruhusa, au aliyeiunganisha akiondoka kwenye kampuni, uthibitisho unaweza kukatika. Ongeza njia ya pili: rekodi ya CNAME, lebo ya msvalidate.01 au faili la BingSiteAuth.xml. IndexNow, mfumo wa kutuma taarifa kwa injini za utafutaji, nayo inaiarifu Bing pindi ukurasa unapobadilika. Google haiitumii, kwa hiyo usiingoje ikusaidie huko.

## Dalili: maneno ya ajabu yamejaa kwenye ripoti

Kampuni yako inauza programu ya mahesabu, na ripoti inasema watu wanakufikia kwa majina ya dawa, kamari, au maandishi ya Kijapani usiyoyajua. Kurasa zilizoorodheshwa zimepanda ghafla hadi maelfu. Tovuti imevamiwa. Pengine ukifungua kurasa hizo huoni kitu, kwa sababu wavamizi huonyesha roboti ukurasa mmoja na wewe mwingine.

Hili si la kujitibu. Ulifanye hili tu wakati unamtafuta mtaalamu wa usalama: piga picha za ripoti ya masuala ya usalama na ya hatua za mikono (Manual actions, adhabu zinazotolewa na wakaguzi wa Google), badilisha nywila zote, kisha fungua orodha ya watumiaji wa Search Console. Wavamizi wana tabia ya kujiongeza kama wamiliki. Ukimwondoa mtu usiyemjua, iondoe na ishara yake ya uthibitisho, yaani faili, lebo au rekodi aliyoiacha, vinginevyo atarudi na kujithibitisha tena. Usifute mafaili ya seva kwa kukisia, na usitume ombi la kukaguliwa upya kabla mtaalamu hajasema tovuti ni safi.

## Dalili: umerekebisha, lakini ripoti bado ni ile ile

Bonyeza "Validate fix" mara moja tu, tena baada ya kujaribu moja kwa moja kurasa mbili tatu na kuona zimepita. Kwa kawaida uhakiki huchukua hadi wiki 2, na wakati mwingine zaidi. Kabla hujaanza kubadilisha vitu upya, fungua mfano mmoja kwenye orodha ya makosa na utazame tarehe ya mwisho roboti ilipopita. Ikiwa ni ya kabla ya marekebisho yako, Google bado inakusimulia habari za zamani, subiri. Ikiwa ni ya baada, na kosa bado lipo, rudi kwenye curl -I na usome mstari kwa mstari.